Vituo vya maji 74,250 vya Tanzania vinafundishia AI dunia nzima, kijijini kwetu foleni ya ndoo iko palepale

Ndoo Kumi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnivumilie uzi ni mrefu, nimekaa nao moyoni muda sasa na leo nimeamua niumwage wote.

Mimi najifunza mambo ya data na akili mnemba (ndo hiyo AI), najifunzia mtandaoni usiku nikitoka kazini. Ukishaingia huko kuna mazoezi ambayo karibu kila mwanafunzi lazima ayapitie, sasa moja ya hayo, ambalo linafanywa na watu wa mabara yote, ni la vituo vya maji vya Tanzania. Linaitwa Pump it Up, liko kwenye tovuti ya mashindano ya DrivenData, data yenyewe imetoka Wizara ya Maji kupitia jukwaa la mtandaoni linaloitwa Taarifa. Unapewa vituo 59,400 vya kuifundishia kompyuta, halafu vingine 14,850 wanakuficha majibu ili wakupime. Kila kituo kina maelezo kama arobaini hivi, mkoa, wilaya, kata, kitongoji, nani alifadhili, nani alijenga na mwaka gani, kiko bonde lipi kati ya yale 9, pampu ya aina gani, wananchi wanalipaje, maji yanatosha au hayatoshi. Kazi yako ni kuifundisha kompyuta ikisie kituo kinafanya kazi, au kinafanya kazi ila kinataka matengenezo, au kimekufa.

Nilivyofungua mara ya kwanza nikakutana na aina za pampu, Nira, Tanira, Afridev, India Mark II, mono. Aisee nilisisimka. Haya majina mimi nimeyapampu kwa mikono yangu, kuna watu wako mbali huko hawajawahi hata kuona ndoo imebebwa kichwani na wanayachambua kila siku.

Basi nikatafuta kwetu. Singida, Iramba, nikashuka mpaka kata, mpaka kitongoji, nikakikuta kituo chetu kabisa, pampu ya mono, ile inayoendeshwa na mashine ya dizeli, imerekodiwa mwanzoni mwa 2013, hali yake imeandikwa inafanya kazi. Nikampigia mama simu palepale, nikamwamkia, nikamuuliza mama hivi 2013 maji pale kijijini yalikuwa yanatoka? Akaniambia mwanzoni yalikuwa yanatoka ila mwaka huohuo kiangazi kilipokolea mashine ikafa, wakarudi kufukua mchanga kwenye korongo mpaka mvua za mwaka uliofuata. Akaniambia dada yako mdogo ndo aliacha shule ile mihula miwili umesahau?

Nilikuwa nimesahau, kipindi hicho nilikuwa boarding.

Sasa hapo ndo kitu kikanikaa. Aliyekuja kurekodi hakukosea, siku ile pampu ilikuwa nzima. Modeli yangu, yaani ile programu niliyoifundisha kukisia, nayo haikukosea, ilikisia "inafanya kazi" na jibu likawa sahihi, nikapata alama. Wote tulikuwa sahihi na dada yangu akaacha shule. Naomba tujadili hii kitu vizuri, akili mnemba kwenye maji itusaidie nini hasa?

Kijana wa Takwimu

Mkuu umenigusa, mimi pia nimepita kwenye hiyo data. Hivi wewe ulipata asilimia ngapi?

Ndoo Kumi

Ya kwanza kabisa ilinipa kama 80, wanaoongoza kule wako 82 na ushee. Ukisikia 80 unaona kubwa eeh? Ngoja nikuoneshe kwanini sikuruka ruka.

Kwenye hivyo 59,400 vinavyofanya kazi ni 32,259, vilivyokufa 22,824, na vinavyotaka matengenezo ni 4,317 tu. Maana yake hata ukikaa ukajibu "inafanya kazi" kwa kila kituo bila kutazama chochote unapata 54. Halafu kuna vituo 6,246 vimeandikwa havina maji kabisa, pakavu, na kati ya hivyo karibu 97 katika kila mia vimeandikwa vimekufa. Sasa ndugu yangu kompyuta ikiniambia kisima kikavu hakitoi maji imenifundisha nini? Aliyesimama pale kisimani ameshaona kwa macho.

Na lile kundi la 4,317, pampu inayougua ila bado inatoa maji, ndo kundi pekee ambalo ukilijua mapema unaokoa kitu. Na ndo hilohilo modeli zetu zinalikosa kila mara. Yangu mimi ilikuwa inaokota kama theluthi moja tu, zilizobaki inaziita nzima. Alama zinapanda kwasababu tunapatia vilivyo hai na vilivyokufa, wagonjwa tunawapita.

Lingine ni kwamba hiyo data ni picha ya siku moja. Mtu alifika mara moja, akaandika, akaondoka. Tunasema modeli "inatabiri" pampu gani itakufa lakini haitabiri chochote kinachokuja, inakisia tu yule mtu aliandika nini siku ile. Kutabiri unahitaji kuwa na jana na juzi ya pampu hiyohiyo.

Kijana wa Takwimu

Kweli kabisa, na hujagusa uchafu wake. Mwaka wa ujenzi umeandikwa sifuri kwenye vituo 20,709, yaani zaidi ya theluthi nzima hatujui vimejengwa lini. Kuna vituo 1,812 longitudo yake ni sifuri, ukiviweka kwenye ramani vinaenda kuangukia baharini kule Ghuba ya Guinea. Majina ya waliojenga ndo usiseme, jamii hiyohiyo imeandikwa Commu, mara Community, mara COMMUNITY kwa herufi kubwa, kompyuta inahesabu ni wajenzi watatu tofauti. Mimi wiki nzima nilikuwa nasafisha majina tu.

Ila sitaki kuwalaumu waliokwenda kukusanya. Kuzunguka nchi nzima hii kitongoji kwa kitongoji na GPS mkononi ni kazi ya jasho, nchi nyingi hawana hata hicho.

Fundi wa Mono

Habari zenu wanajamvi. Mimi sina elimu ya kompyuta, ni fundi pampu, nimeanza na marehemu baba yangu tukizunguka Dodoma na Singida. Nimesoma hapo kwamba modeli inazikosa pampu zinazougua, naomba niseme kidogo.

Pampu haifi ghafla. Inaongea. Tuanze na ya mkono, asubuhi unapampu mara kumi, kumi na tano ndo maji yanatokeza, wakati zamani mara tatu tu yalikuwa juu. Hiyo ni valvu ya chini imeanza kuvujisha, usiku maji yanashuka yanarudi kisimani. Au unaona mchana watu wanapampu haraka haraka na ndoo haijai, ule mpira wa ndani unaovuta maji umelika. Au mkono unagonga una mchezo pembeni, hizo ni bushi zimeisha. Hapo ukiniita naibadilisha mpira nusu siku na bei yake haizidi mbuzi. Usiponiita mpaka rodi ikatike iangukie ndani tunazungumza habari nyingine, kuna visima nimeshindwa kabisa kuopoa bomba.

Mono nayo utaijua kwenye dizeli. Mashine ile ile, tenki lile lile, lakini saa zinaongezeka. Mwendesha mashine anajua, akina mama wanaosubiri foleni wanajua. Mimi aliyeko kilomita 70 ndo sijui, na nikija kujua imeshakufa miezi miwili na hela ya kamati ishaliwa.

Kwahiyo kama hiyo AI yenu inaweza kusikia ile kugonga na ile kupampu mara kumi na tano asubuhi, basi mimi naitaka hata leo. Kama ni ya kuniambia kisima kikavu hakitoi maji, asanteni.

Mdigo wa Pwani

Fundi, hilo usemalo lishafanywa huku kwetu Kenya, na mie naliona kwa macho.

Mie niko Kwale. Visima vya Afridev huku ni vya zamani sana, pampu yenyewe hii ilifanyiwa majaribio hukuhuku miaka ya 1980, wazee wetu ndio walioisukuma mpaka ikajulikana yavunjika wapi. Sasa wakaja watu wa Chuo Kikuu cha Oxford na kifaa kidogo cha kuweka ndani ya mkono wa pampu. Kile kifaa chahesabu mkono wapanda washuka mara ngapi, halafu chatuma meseji kwa mtandao wa simu. Walianza Kitui sehemu za Kyuso, 2013, pampu 66. Kabla ya hapo pampu ikivunjika yakaa kwa wastani siku 27 ndipo itengenezwe, wakati wa jaribio ikashuka chini ya siku 3. Siku 27 mpaka 3, hebu fikirini mama mwenye watoto wachanga.

Halafu kuna jambo la Kwale ambalo mie ndilo lanishangaza zaidi. Wale watafiti waliona ule mkono ukitikisika watikisika namna tofauti kulingana na maji yako chini kiasi gani, basi wakaifundisha kompyuta kusoma ule mtikisiko na kukadiria kina cha maji ardhini. Yaani pampu ya kijiji yaweza kugeuka kipimo cha maji ya ardhini. Kila mtoto achotaye maji apima bila kujua.

Ila msidhani ni kile kifaa ndicho kilichotengeneza pampu. Kilichotengeneza ni fundi mwenye pikipiki na spea ndani ya begi. Baadaye ndipo likaja shirika la FundiFix, Kitui na huku Kwale, kijiji chalipa kila mwezi kidogo kidogo na wao wameahidi kutengeneza ndani ya siku chache, na kuna mfuko wa kuwajazia kwa sababu ile michango ya kijiji peke yake haitoshi. Ukikiondoa kifaa ukamwacha fundi anayelipwa, maji yatatoka. Ukimwondoa fundi ukakiacha kifaa, utapata meseji nyingi za huzuni.

Ndoo Kumi

Kaka wa Kwale asante sana, hiyo ya mtikisiko nilikuwa siijui, imenifanya nirudie kusoma ulichoandika mara tatu. Na fundi pia asante, maana ulichosema wewe na walichofanya wao ni kitu kimoja, wewe unatumia sikio na mkono, wao wameweka sensa (hii ya kunasa mwendo, siyo ile ya watu na makazi) na kompyuta ikajifunza.

Naongezea Rwanda. Walifunga sensa kwenye pampu za mkono 181, wakazigawa makundi matatu. Kundi moja taarifa za sensa zilikuwa zinamwendea fundi na yeye anaenda kama gari la wagonjwa, kundi la pili mafundi wanazungukia kwa ratiba tu, kundi la tatu mambo yanaenda kama kawaida ya siku zote. La kwanza pampu zilikuwa hai asilimia 91, la pili 73, la tatu 68. Angalieni vizuri hapo tofauti kati ya ratiba na kawaida ni ndogo, kumbe mafundi kuzunguka bila kujua nani mgonjwa ni kuchoma mafuta tu.

Bomba Kwanza

Naheshimu michango yenu lakini mimi sikubaliani. Nchi ambayo watu bado wanachota na ng'ombe bwawa moja mnataka kuwapelekea akili mnemba? Hiyo hela ya sensa chimba kisima. Dar wenyewe 2022 Oktoba mto Ruvu ulipungua uzalishaji ukashuka toka lita milioni 466 kwa siku mpaka 300 tukaingia kwenye mgao, hapo AI ingeongeza tone gani? Jibu lake lilikuwa bwawa la Kidunda, lita bilioni 190, zege na chuma. Tena nasikia hizo kompyuta za AI zenyewe zinakunywa maji.

Ndoo Kumi

Mkuu nakuelewa na sitaki kukupinga ili nishinde. Maji hayatengenezwi na kompyuta, kweli. Kidunda inahitajika na ilihitajika toka zamani.

Ila kuhusu kuchimba kingine, rudi kwenye zile namba. Vituo 22,824 vilivyokufa, vyote vilishajengwa, vingi vina jina la mfadhili, vingine vina jiwe la uzinduzi. Kama tatizo lingekuwa kuchimba tu basi hivyo visingekuwepo. Tunachimba kwa mkono mmoja tunazika kwa mwingine, na kila kinachokufa kilikuwa na mwezi mmoja hivi ambao bei ya kukiokoa ilikuwa mbuzi, kama alivosema fundi.

Hilo la kunywa maji ni kweli, mashine zinapoa kwa maji yanayovukizwa. Mji wa The Dalles kule Oregon Marekani, 2021 vituo vya data vya Google vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Lakini modeli ya kuhesabu mkono wa pampu siyo hizo kubwa za kuandika insha, hii yangu nimeifundishia laptop ya mkopo nyumbani, feni tu ndo ililia.

Dada wa Dira

Jamani naomba niingie upande wa mjini. Mimi ni msoma dira za maji, mji sitautaja. Kwa miaka naingia getini, nafunua kifuniko, nafukuza mijusi, nasoma, naandika.

Mjini shida yetu ni maji yaliyosafishwa na kusukumwa kwa umeme na dawa halafu yanapotea njiani. Ripoti za EWURA, wale wadhibiti wa huduma za nishati na maji, zinaonyesha mamlaka zetu kwa ujumla zinapoteza kama theluthi, wakati kinachotakiwa kisizidi asilimia 20. Na kupotea siyo bomba kupasuka tu, kuna dira iliyozeeka inayozunguka taratibu inamdanganyia mteja, kuna waliojiunganishia, kuna dira iliyofukiwa na fundi ujenzi.

Sasa kuna mbinu ya zamani kabisa ya usiku. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, matumizi ni kidogo mno. Ukifunga eneo moja lilishwe na bomba moja lenye dira kubwa, ukaona saa tisa usiku maji bado yanapita mengi, basi hayo hayaendi kwenye midomo ya watu yanaenda ardhini. Ndo unatuma watu na vile vifaa vya kusikiliza bomba. Kompyuta inaweza kukaa macho kila usiku kwa kila eneo, ikajua hii ni kawaida ya mtaa huu wenye msikiti watu wanaamka mapema kutawadha, na hii ya leo siyo kawaida. Binadamu hawezi kukesha hivo kila siku.

Lakini niseme ukweli wangu. Mimi nimeshawahi kuripoti bomba linamwaga, nikaandika, nikapiga picha, nikarudi mwezi uliofuata kusoma dira nikakuta bado linamwaga, pameota hadi matete, watoto wanaogelea. Taarifa ilikuwepo. Kilichokosekana ni gari na kipande cha bomba cha inchi nne. Nikajiuliza sasa wakileta mashine ya kutoa taarifa mia kwa siku, si tutakuwa na matete mia?

Bomba Kwanza

Dada umemaliza. Hapo ndo mimi nilipokuwa nataka kufika.

Ndoo Kumi

Dada hii yako imeniuma, na naikubali. Mnakumbuka kulikuwa na mradi wa Maji Matone hapa kwetu kama 2010 hivi, shirika la Daraja, wananchi watume meseji kituo kikiharibika? Walitarajia meseji 3,000, zikaja 53. Watu wengi walicheka kwamba wanakijiji hawajui teknolojia. Mimi nadhani wanakijiji walijua vizuri sana, mtu hawezi kutumia vocha yake kumwambia asiyekuja.

Kwahiyo sensa ina faida moja ambayo naiona ya haki kabisa, haihitaji bibi yangu aombe. Inasema yenyewe, na inaweka tarehe. Tarehe ikishakuwepo unaweza kuuliza iliripotiwa tarehe 3, leo ni tarehe 29, kwanini? Kwenye data ya 2013 huwezi kumuuliza mtu yeyote hilo swali.

Mzee wa Kamati

Vijana wangu nimesoma tangu mwanzo, mjukuu ndiye amenishikia simu nami naandika mwenyewe polepole. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu miaka mingi, kabla ya RUWASA, huu wakala wa maji vijijini, kabla hawajaja na hivi vyombo vya watumia maji vya sheria ya 2019.

Nina neno moja juu ya malipo. Mmesema data inaonyesha wananchi wanalipaje. Inasemaje?

Ndoo Kumi

Shikamoo mzee wangu, karibu sana jamvini. Ndiyo ipo. Vituo ambavyo watu hawalipi kabisa viko zaidi ya 25,000, na vinavyofanya kazi hapo havifiki nusu, ni kama asilimia 45. Wanaolipa kwa mwaka, kituo kinafanya kazi karibu robo tatu. Wanaolipa kwa ndoo au kwa mwezi wako kama theluthi mbili. Wengi wakiona hivyo wanasema watu walipe, pampu itaishi.

Mzee wa Kamati

Marahaba mwanangu. Nami nilijua watasema hivyo. Lakini pampu ikishakufa nani atalipa? Sisi kwetu watu walilipa miaka yote, ndoo kwa ndoo, siku mashine iliposimama wakaacha, wala siyo kwa ukaidi, utalipia upepo? Angekuja mtu na daftari lake mwezi ule angeandika hawa hawalipi. Angeandika pia imekufa. Halafu wewe na kompyuta yako mngesema imekufa kwa sababu hawalipi.

Kijana wa Takwimu

Mzee shikamoo. Hapo umetufundisha darasa zima la takwimu, nakushukuru.

Fundi wa Mono

Mzee wangu shikamoo, mashine yenu ya dizeli ilikuwa Lister?

Mzee wa Kamati

Marahaba. Ilikuwa Lister na mono. Na mwendesha mashine wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuandika. Kila siku aliandika amewasha saa ngapi, amezima saa ngapi, dizeli kiasi gani, tenki limejaa au halikujaa. Mimi nilihitaji kwa ajili ya mahesabu ya mafuta maana watu walikuwa wanasema tunaiba dizeli. Madaftari ninayo kwenye sanduku.

Ndoo Kumi

Mzee naomba nirudie nisije nikawa nimesoma vibaya. Una madaftari ya kila siku? Ya miaka mingapi?

Mzee wa Kamati

Tangu 1998 mpaka mashine ilipokufa. Mengine yameliwa na mchwa pembeni lakini yanasomeka.

Ndoo Kumi

Mzee wangu. Mimi nimehangaika mwaka mzima na vituo 59,400 ambavyo kila kimoja nina siku yake moja tu. Wewe una kisima kimoja chenye siku zake zote. Hicho ndo nilichokuwa nakitafuta bila kujua naomba nini.

Wakuu hebu fikirini, ni vijiji vingapi vyenye mashine ya dizeli au vioski vya kuuza maji vina daftari la namna hii limelala kwenye sanduku la mtu? Saa za mashine ndani yake ni zilezile ambazo sensa inatafuta, za miaka zaidi ya kumi nyuma, na hakuna aliyekuja kuziomba. Yeyote humu ambaye mzazi wake au jirani yake alikuwa kwenye kamati naomba aulize kabla hawajawashia moto.

Dada wa Dira

Mimi nitauliza kwetu. Baba mdogo aliuza maji kioski miaka, alikuwa anaandika ndoo ngapi kila jioni kwenye karatasi za sigara.

Fundi wa Mono

Mzee kama hutojali, tusomee hata ukurasa mmoja wa mwaka ule wa mwisho. Tenki lilichukua saa ngapi kujaa, hizo tu.

Mzee wa Kamati

Ngoja mjukuu alete taa.

Nimelikuta. Naandika kama lilivyo. Mwezi wa tano, tenki limejaa kwa muda wa saa 3. Mwezi wa sita, saa 3 na robo. Mwezi wa saba, saa 4, hapo ameandika pembeni "mkanda umekazwa". Mwezi wa nane, saa 4 na nusu, dizeli imezidi lita 2. Mwezi wa tisa, saa 5 na nusu, "sauti ya chini si nzuri, nimemwambia mwenyekiti". Mwezi wa kumi tarehe 9, tenki halikujaa. Tarehe 10, halikujaa. Tarehe 11 hakuna maandishi.

Fundi wa Mono

Mwezi wa saba, mzee. Ningefika mwezi wa saba.

Ndoo Kumi

Nimeshawasiliana na mzee pembeni, nikipata likizo mwezi wa kumi na mbili naenda na simu yenye kamera nzuri, kila ukurasa nitaupiga picha na kuuingiza mwenyewe kwa mkono, na fundi amekubali nikikwama kwenye zile alama za pembeni nimpigie anitafsirie. Nikimaliza nitarudi kwenye uzi huu huu niwaambie kompyuta imeanza kushtuka mwezi gani. Kama ni wa saba nitaandika. Kama ni wa kumi nao nitaandika.